Jeneza la Mgomba

Saa kumi na moja jioni Asiya alifunika cherehani yake kwa nailoni, akakunja sketi za shule alizokuwa hajazipinda, akakaa kwenye ngazi ya baraza kumngoja mwanawe. Baraza hilo lilikuwa mtaa wa Rohero, ng'ambo ya ukuta wa soko kuu lililoungua, na mwenye duka alimwachia nafasi kwa sababu alimshonea mapazia yake yote. Barabara ilijaa watu na haikuwa na magari. Esansi, petroli ya magari, ilikuwa imekosekana mjini tangu kabla ya mvua. Mabisi yalikaa kwenye foleni ya stesheni, madereva wamelala ndani, na kila aliyekuwa na kazi mjini alirudi kwao kwa miguu: makarani, walimu, wauza vocha za simu, mabinti wa benki wameshika viatu vyao mkononi. Walitembea bila kusema. Yaliyokuwa ya kusemwa kuhusu esansi yalikuwa yamekwisha.

Ilias alifika kutoka bandarini, shati lake limelowa jasho mgongoni. Kazi yake ilikuwa kupeleka karatasi za mizigo kati ya meli za Kigoma na watu wa forodha. Alichukua mfuko wa mama yake bila kuombwa, wakashika njia ya kurudi mtaani kwao, Mutanga Nord. Mbele kidogo wakamkuta Dative, jirani yao, mwalimu wa watoto wadogo, ambaye kila jioni alitembea nao kwa sababu alisema mlima ni mfupi kwa watu watatu.

Wafu walitembea upande wa kushoto wa barabara. Walikuwa wale wa wakati wa Wabelgiji, mji ulipokuwa bado unaitwa Usumbura. Ungeweza kuwajua kwa miguu yao, iliyokuwa mitupu na haikushika vumbi, na kwa kanzu zao zilizofuliwa kwa buluu mpaka zikawa na rangi ya maziwa ya maji. Wengine walivaa kaptula za kaki zenye pasi. Katikati yao kulikuwa na jeneza, na juu ya jeneza shuka jeupe, na chini ya shuka kitu kirefu. Walio hai waliwaachia nafasi kama wanavyomwachia mtu anayesukuma mkokoteni.

Walikuwa wameanza kuonekana tangu mabisi yalipokoma. Mwanzoni walikuwa wachache, wakisimama pembeni na kuangalia. Waliona watu wote wa mji wanatembea, kimya, kwa wingi, hakuna anayetupa jiwe, hakuna anayepanda gari. Wakaelewa wanavyojua wao. Kesho yake wakaja na jeneza.

Mmoja wao, mzee mwenye mabega mapana ya uashi, alikuwa na mazoea ya kumwuliza yeyote aliyekuwa karibu naye. Jioni hiyo aliyekuwa karibu ni Dative.

"Mama, walishaondoka?"

Dative alimjibu kwamba Wabelgiji waliondoka zamani sana, kabla yeye hajazaliwa.

"Basi mbona mnatembea?"

Dative akamweleza habari ya esansi. Mzee alisikiliza mpaka mwisho, kwa adabu, kama mtu anayesikiliza sababu za mkwe.

"Wakati wetu ilikuwepo," alisema. "Magari hatukuyapanda tu."

Asiya alimtambua. Hakusema kitu, kwa sababu alikuwa na mtoto wa kiume pembeni yake na hakutaka mazungumzo yawe marefu. Mzee yule alikuwa Uthmani, baba wa baba yake, mwashi wa mtaa wa Buyenzi. Picha yake ilitundikwa sebuleni kwao, kwenye fremu ya kioo, na kwenye picha bega lake la kushoto lilikuwa jeusi.

Habari ya bega hilo ilijulikana na kila mtu mzima wa Buyenzi. Wabelgiji walikuwa wamekataza watu weusi kukusanyika, isipokuwa kwa kanisa, kwa msikiti na kwa kuzika. Uthmani na wenzake hawakutaka kupigana na mtu. Walikata mgomba nyuma ya nyumba, wakauosha, wakauvika sanda, wakaulaza kwenye jeneza la msikiti, wakatoka nalo asubuhi kuelekea kwenye ofisi za wazungu. Na mtu aliyelelewa vizuri akikutana na jeneza haulizi limembeba nani. Anatoa bega, anabeba hatua chache, anampisha mwingine. Muuza samaki alitoa bega. Wapagazi wa bandari walitoa bega. Wakristo wa mitaa mingine walivua kofia, halafu nao wakatoa bega. Jeneza lilipofika mbele ya ofisi mji wote ulikuwa nyuma yake, na bwana mkubwa wa Kibelgiji alitoka kwenye baraza, akavua kofia yake, akasimama wima mpaka likapita. Kesho yake wakapita tena. Na kesho yake.

Siku moja bwana mkubwa alifunua shuka.

Aliagiza wakamatwe waliobeba. Hapo ndipo habari ya utomvu ilipojulikana. Mgomba uliokatwa hutoa maji, na maji hayo yakigusa nguo yanakuwa meusi, hayatoki kwa sabuni wala kwa jua. Waliobeba walikuwa na doa begani. Wakibadilisha shati, doa lilikuja kwenye shati jingine. Askari walipita nyumba kwa nyumba wakiangalia mabega tu, na wanaume walipakiwa kwenye malori, wakapelekwa mbali milimani, kwenye mashamba ya watu wasiowajua. Uthmani alikuwa kwenye lori la kwanza.

Wanawake wa Buyenzi walifanya jambo moja. Walikata migomba yao yote, wakapaka utomvu mashati yote ya Buyenzi, ya waume, ya watoto, mpaka gauni zao na vitambaa vya meza. Asubuhi askari walikuta mtaa mzima una bega jeusi. Walizunguka mpaka adhuhuri, halafu wakarudi na malori matupu. Baada ya muda Wabelgiji waliondoka, na yapo mambo mengi yaliyowaondoa, lakini Buyenzi walisema ni hilo.

Waliokuwa wamekwisha kuchukuliwa hawakurudi wote. Bibi yake Asiya, Hayat, alifuta picha ya mumewe kila Ijumaa, kwa sababu doa la begani lilikuwa bichi daima na lilichafua kioo kwa ndani. Ijumaa moja kitambaa kilitoka kikavu. Bibi Hayat alikaa chini, akatuma waitwe watu, wakasoma hitima. Barua ya kifo ilikuja baadaye sana, ikiwa na habari ambayo nyumba ilikuwa nayo.

Kwa hiyo Asiya alijua. Mwenye mtoto aelewe vizuri hapa: alijua kila kitu, tangu utoto.

Wa kwanza kupata doa mtaani kwao alikuwa Maxime, mtoto wa Lisette, nyumba yenye geti la bluu. Maxime alisoma chuo, alipenda kucheka, na jeneza lilipopita karibu yake aliona mfu mmoja anahema, akaingiza bega. Alisema lilikuwa zito kuliko alivyodhani na lilikuwa na harufu ya shamba baada ya mvua. Alionyesha doa kwa wenzake kama mtu aliyechorwa mwilini. Baada yake wakapata wengine, vijana wengi, huyu hapa, yule kule.

Halafu redioni mtu alisoma tangazo, kwa sauti ile ile ya kusomea bei ya sukari, kwamba kutembea kwa wingi bila ruhusa kunahesabika kuwa maandamano. Kila mtu atembee peke yake. Watu walijaribu. Waliachiana nafasi, wakangojana kwenye kona, lakini watu walikuwa wengi kuliko nafasi, na kufika mtaa wa mbali kama Kamenge peke yako kulikuwa kunachukua usiku mzima. Baada ya siku chache wakawa wanatembea kama zamani. Hapo likaonekana gari jeupe. Lilikuwa na esansi. Lilipita polepole jioni, pembeni ya watu, na waliokuwa ndani waliangalia mabega.

Lisette alipiga hodi kwa Asiya siku ya Jumapili, wakati wa chakula. Alikuwa na beseni, na ndani ya beseni kipande cha mgomba kilichokatwa kikiendelea kutoa maji. Alikuwa mama mkimya, muuza maziwa ya mgando, asiyezoea kuomba. Alisema amesikia kwamba zamani Waislamu wa Buyenzi walipaka mashati.

"Mama Ilias, nyinyi ndio mulijua hii kazi. Ukianza we, wengine watafwata. Shati moja tu. Hata la kulalia."

Asiya alisimama mlangoni kwa namna ambayo beseni lisingeweza kuingia. Nyuma yake Ilias alikuwa anakula.

"Mama Maxime, mi niko na mutoto."

"Na mi niko na mutoto."

Asiya alisema Mungu amsaidie, akasema kweli kutoka moyoni, akarudisha mlango taratibu ili usigonge. Lisette alikwenda geti la jirani, na jingine, na jingine. Beseni lilisikika likiwekwa chini na kuinuliwa mtaa wote. Jumatatu Maxime alichukuliwa akiwa ananunua mandazi. Watu wawili waliovaa vizuri walimwita kwa jina, wakamfungulia mlango wa gari, na muuza mandazi alisema walimwachia amalize kutafuna.

Tangu siku hiyo Asiya alibadilisha njia. Alimpitisha Ilias barabara za nyuma, kwenye nyumba za mabalozi, ambako walinzi tu ndio walikaa nje. Alimfunga kitambaa begani. Kila asubuhi alimwambia maneno yale yale, usitoe bega, ukiwaona angalia chini, wewe huna habari nao, na Ilias aliitika kila neno. Chabani, baba yake, alikuwa fundi wa magari, na siku hizo alikaa gereji kati ya magari yaliyopona ambayo hayakuweza kuondoka. Alisema mkewe anamfanya kijana aonekane mwizi. Asiya alisema mwizi hurudi nyumbani.

Lakini mto Ntahangwa una daraja, na daraja halina barabara ya nyuma.

Walikutana na jeneza pale, jua limekaribia mlima wa Kongo. Uthmani alikuwa mbele. Nyuma upande wa kushoto mbebaji alikuwa mfu mwembamba, naye alikuwa anaangalia pembeni, upande huu na upande huu. Mwanaume yeyote aliyekulia kwenye mitaa ya Waswahili anaujua mtazamo huo. Ni wa mtu aliyebeba zaidi ya zamu yake na anaona aibu kusema. Walio hai walitoa simu zao mifukoni wakazisoma, ingawa nyingine hazikuwa na chaji.

Ilias alimrudishia mama yake mfuko.

Asiya alimshika mkono wa shati. "Ilias. Angalia chini."

"Mama, huyo mutu amechoka."

"Amekufa."

"Amechoka, mama." Hakupandisha sauti. "Si ni we ulinifunza."

Ni kweli. Alipokuwa mdogo, wakiishi bado Buyenzi, kila jeneza lilipopita mama yake alimsukuma kutoka barazani akisema kimbia, toa bega, hata kama humjui, na yeye alikimbia, mfupi, akinyoosha mkono tu juu mpaka vidole viguse mbao, akarudi na kupewa kashata. Watoto hukumbuka kashata. Hukumbuka na kazi iliyoleta kashata.

Akajivuta. Kifungo cha mkono wa shati kilibaki kwenye vidole vya Asiya, pamoja na uzi wake, uzi mzuri, wa mara mbili. Ilias akaingia chini ya mbao, mfu mwembamba akatoka, akasema ahsante, akaanza kuzungusha bega lake kama mtu aliyeshusha gunia. Jeneza liliendelea. Pale shuka lilipofunuka kwa upepo Asiya aliona majani mabichi mawili yametoka kwenye mgomba, na katikati yake kichwa cha ua, chekundu kilichokolea, kimeinama.

"Tulisema tutauzika siku tukimaliza," Uthmani alimwambia Asiya, wakitembea. "Haukukubali kufa. Kitu kizima hakizikwi."

Ilias alibeba mpaka kona ya Mutanga Nord. Aliporudi kwa mama yake doa lilikuwa limeshapita kitambaa na shati.

Asiya hakukesha kwa kulia. Alifua. Alitumia sabuni ya mche, ndimu, majivu, maji ya moto, chumvi. Shati lilichanika kabla doa halijapauka. Alimshonea shati jeusi, na kwenye shati jeusi doa likatokea jeupe. Alimshonea la madoadoa, na doa likakaa kando ya madoa mengine, likajulikana. Dative alileta ndimu za uani kwake kwenye kikapu, akasaidia kusugua mpaka ngozi ya vidole vyake ikajikunja.

Ilias alikaa kwenye ngazi ya jikoni akiwaangalia.

"Musisugue," alisema. "Munaumia bure."

"Nyamaza, mutoto," Dative alisema. "We ulishafanya yako, tuachie sisi yetu."

Baada ya kuondoka Dative, Asiya alitoka uani, akakata mgomba. Walikuwa na mmoja tu, wa ndizi za kuchoma, wenye mkungu ambao ulibakiza wiki mbili kukomaa. Aliukata katikati, akaweka kipande kwenye beseni, akapaka kwanza shati la Chabani, aliyenyoosha bega mwenyewe bila neno, halafu nguo yake. Lakini utomvu wa kupaka, ukiwa kwenye nguo chache, unaonekana ni wa kupaka. Ilihitajika mtaa.

Alianza kwa Dative, kwa sababu ndiye aliyekuwa na vidole vilivyojikunja kwa ajili yake. Dative alifungua mlango, akaliona beseni. Mumewe, Zénon, alikuwa ndani anasikiliza redio, na redio ikapunguzwa sauti.

"Mama Ilias," Dative alisema polepole. "Bwana yangu iko na kazi ya leta, ya serikali. Unajua vile iko. Bakiona doa, kesho hana kazi, na mutoto wetu Chanelle iko anaanza shule mupya."

"Shati moja tu. Hata la kulalia."

Asiya aliposema hivyo aliyasikia maneno yanatoka kinywani mwake, na alijua aliyatoa wapi.

"Mutoto wako ni mutoto wangu," Dative alisema. "Lakini apana." Akaingia ndani, akarudi na ndimu nyingine, tatu zilizobaki, akaziweka kwenye beseni juu ya mgomba. Akarudisha mlango taratibu ili usigonge.

Asiya alizunguka. Sylvère wa duka la dawa alisema anangoja mkubwa wake aamue. Mama mmoja alisema wamekwisha kupanga kuhama. Mwingine alisema kupitia dirishani kwamba yeye angepaka wengine wakianza. Nyumba iliyofuata nao walisema hivyo hivyo, wangepaka wengine wakianza, na nyumba hizo mbili zilikuwa na ukuta mmoja. Hakuna aliyemtukana. Walimsalimia wote, wakamwuliza kama mgongo wa Chabani umepona.

Geti la bluu alilifikia mwisho. Alikuwa ameliruka mara mbili. Lisette alifungua, amevaa gauni lake la kuuzia maziwa, na bega la kushoto la gauni lilikuwa jeusi tangu zamani. Nyuma yake kwenye kamba kulikuwa na mashati ya Maxime, shuka zake, pazia, taulo, vyote vimepakwa begani, hata visivyo na bega. Asiya alisimama na beseni.

Lisette aliliangalia beseni.

"Kipande chako kimekauka," alisema. "Ngoja nilete mbichi."

Wakapaka pamoja mpaka maghrib. Ilikuwa nyumba mbili katika mtaa mzima.

Gari jeupe lilikuja siku ya soko, jioni, hapo darajani. Kwa kuwa hakukuwa na gari jingine lilisikika kutoka mbali, na watu walijigawa wenyewe pande mbili ili lipite. Halikupita. Watu wawili waliovaa vizuri walishuka, wakaita, "Ilias," si kwa ukali, kama wanaomkumbusha kitu alichosahau. Mmoja alimtaka radhi Asiya kwa sababu mlango wa gari ulimgusa. Asiya alisema na yeye ana doa, akageuza bega waone. Yule mtu aliliangalia, akatikisa kichwa.

"Hilo ni la kupaka, mama."

Asiya akasema nyumbani kwao kuna mashati mengine ya hivyo, kuna nyumba nyingine ina mapazia ya hivyo, waje waone. Yule mtu akajibu kwamba nyumba mbili si mtaa. Alijua hesabu ya nyumba. Ilias alimpa mama yake mfuko wa sketi za shule, akaingia garini akiinama kidogo, maana alikuwa mrefu. Waliokuwa wanatembea walisubiri mlango ufungwe, halafu wakaendelea kutembea, kwani kulikuwa kunaingia giza na kwao kulikuwa mbali.

Wafu tu ndio walisimama. Uthmani aliliangalia gari mpaka likapinda.

"Mjukuu wangu," alisema. "Si mlisema walishaondoka?"

"Waliondoka, babu. Zamani."

"Basi huyo amechukuliwa na nani?"

Asiya alikuwa ameshika kifungo mfukoni. Mzee aliona mwenyewe kwamba waliomchukua walikuwa na nyuso kama za wajukuu wake.

Chabani na Asiya walikwenda kwenye ofisi. Ofisi ya kwanza iliwapeleka ya pili, na ya pili haikuwa na kibao mlangoni. Walikaribishwa viti. Walielezwa kwamba kijana wa jina hilo hayumo, kwamba vijana wengi siku hizi wanavuka kwenda Kongo kutafuta maisha bila kuaga, na kwamba gari jeupe haliwezi kuwa lao kwa sababu na wao hawana esansi. Walisindikizwa mpaka nje. Walipopita uani mwa ofisi gari jeupe lilikuwa pale, limefunikwa turubai, na injini yake ilikuwa bado ya moto. Chabani, kwa kuwa ni fundi, alisikia chuma kinavyolia kikipoa.

Siku ya uhuru walifunga barabara kwa kamba. Wakubwa walipita, shule zilipita, ngoma zilipigwa vizuri sana. Mtu mmoja alisoma hotuba akiwashukuru mababu ambao, bila bunduki, bila jiwe, kwa miguu yao tu, waliikomboa nchi. Mababu walikuwa nyuma ya kamba na jeneza lao. Waliomba kupita, kwa sababu walisikia wanatajwa. Kijana aliyelinda kamba aliwaambia kwa heshima kwamba hawamo kwenye mpango wa siku hiyo, halafu akaona mabega yao, akawaomba warudi nyuma kidogo zaidi. Wakarudi. Wamezoea kusikiliza vijana wenye sare.

Esansi ilikuja wiki moja, ikaisha. Watu waliendelea kutembea, na tangazo liliendelea kusomwa.

Jioni moja, pale darajani, mfu mwembamba alianza tena kuangalia pembeni, upande huu na upande huu. Vijana hawakuwepo. Wengine walichukuliwa, wengine walipitishwa na mama zao kwingine. Lisette, aliyekuwa anatembea na Asiya tangu siku ile, alimwangalia. Wote wawili walishusha mizigo yao. Asiya akaenda mpaka penye mbao.

"Mwanamke habebi jeneza," Uthmani alisema. Alisema kwa upole. Ndivyo walivyofunzwa.

"Hili si jeneza, babu. Ni mugomba."

Mzee alifikiri hatua kadhaa. Halafu akasogea, na Asiya akaingia mbele, Lisette akaingia nyuma. Lilikuwa zito kweli. Chini ya shuka mkungu ulikuwa umeshajitokeza na ulizidi kujaa. Gari jeupe lilikuja kutoka nyuma, likapunguza mwendo sambamba nao, likawaangalia mama wawili wenye jasho, likaona hawafai kitu, likaongeza mwendo. Dative alikuwa upande wa pili wa barabara. Aliwasalimia kwa mkono. Wakaitika kwa kichwa, kwa kuwa mikono ilikuwa na kazi.

Shati la Ilias, lile la darajani, Asiya alikuwa amelishona palipochanika kwa kufuliwa na kurudisha kifungo mahali pake. Hulitundika kwenye kamba ya uani. Kila alfajiri, akimaliza kuswali, hutoka na kuweka kiganja kwenye bega la kushoto. Lisette hufanya hivyo hivyo kwake, kwenye mashati ya Maxime, na asubuhi wakikutana getini mmoja humwuliza mwenzake swali la neno moja.

"Bichi?"

"Bichi."

Halafu wanashika njia ya mjini kwa miguu.